Una miezi 6 na biashara 12 za utalii: anza na anayesafisha vyumba

Dada, salama? Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja na nitalijibu kwa urefu maana umeuliza kitu cha maana sana. Kwa wengine mnaosoma: dada huyu amepewa kazi ya miezi 6 kusaidia biashara 12 ndogo za utalii, humo mna gesti, loji kadhaa na kampuni za kutembeza wageni, na waliompa kazi wanataka mambo matatu yaboreshwe kwa pamoja, yaani utunzaji wa mazingira, usawa wa kijinsia na ubora wa huduma. Wenye biashara wanamwambia hela hakuna, wengine wanataka cheti tu cha kubandika ukutani, na mmoja kamwambia waziwazi kwamba habari za jinsia hazimhusu kwa sababu "wafanyakazi wangu wengi ni wanawake". Sasa anauliza aanze na lipi kati ya hayo matatu, na afanyeje asije akamaliza miezi yake akawaachia mafaili tu.

Jibu langu fupi: usianze na lolote kati ya hayo. Anza na mtu. Anza na yule anayesafisha vyumba, na kwa zile kampuni za kutembeza wageni anza na dereva na muongoza wageni, kwa sababu hao ndo wanaokutana na hayo mambo matatu kila siku yakiwa yamefungwa fundo moja, sisi huku juu ndo tunayatenganisha ili yaingie vizuri kwenye ripoti.

Nikupe nilichokiona kwa macho yangu. Kuna hoteli moja ya vyumba ishirini na kitu, mwenye nayo aliniita kwa sababu bili ya maji ilikuwa imepanda na hajui kwa nini, na tayari alishapata mtu wa kumuuzia mtambo wa kusafisha maji ili yatumike tena. Nikamuomba kabla ya kuongelea mtambo aniruhusu nizunguke zamu nzima na mhudumu wa vyumba. Chumba cha tatu tu, mama wa watu huku anatandika kitanda akaniambia "hiki choo hakilali, kinalia usiku kucha". Nikamuuliza viko vingapi vya namna hii, akanitajia vinne kwa namba za vyumba, hata hakufikiria. Kumbe alishamwambia msimamizi wake mara mbili, mara ya pili akajibiwa ashughulike na usafi, mambo ya ufundi ana watu wake. Akanyamaza. Huyu mama analipwa kwa siku, mkataba hana, akionekana msumbufu kesho haitwi, sasa wewe ungekuwa yeye ungesema mara ya tatu? Jioni nikakaa mapokezi nikapitia maoni ya wageni mtandaoni, nikakuta mgeni wa kimojawapo cha vile vyumba ameandika kwamba hakulala kwa kelele za choo.

Unaona hapo? Maji yanapotea, mwanamke hasikilizwi, mgeni halali, na kinachohitajika ni kubadilisha mpira mchakavu ndani ya tenki la choo. Mtambo haukununuliwa. Lakini kilichonikaa kichwani siku ile ni kwamba taarifa ilikuwepo ndani ya jengo muda wote, haikuwa na njia ya kupanda juu tu. Kwa hiyo kazi yako kubwa kwenye hizo biashara 12 ni kutengeneza hiyo njia, mengine mengi yatafuata yenyewe.

Sasa kivitendo. Ziara ya kwanza usiende na mafunzo wala projekta. Nenda na ndoo yenye alama za lita, simu yenye saa, chupa ndogo ya rangi ya chakula na daftari. Ukiweza lala hapohapo usiku mmoja, maana mchana biashara ya malazi inakuwa imevaa nguo za kutokea. Matone machache ya rangi unaweka kwenye tenki la choo, unasubiri kama dakika ishirini bila mtu kuflashi, rangi ikionekana chini kwenye sinki la choo basi kinavuja, hata kama hakina sauti. Shawa unaipima kwa ndoo, sekunde kumi halafu zidisha mara sita, unapata lita kwa dakika. Ukikuta shawa inatoa lita 15 kwa dakika na mgeni anaoga dakika 8, hizo ni lita 120 kwa kuoga mara moja, ukiweka kichwa kinachotoa lita 8 inakuwa 64, na kichwa kizuri mgeni hasikii tofauti kwa sababu kinachanganya maji na hewa. Usinunue vya bei ya kutupa vinavyofanya maji yatoke kama mate, hapo mgeni anakasirika, anakaa kuoga muda mrefu zaidi na ulichookoa kinarudi kulekule.

Kisha mita. Mwambie mwenye biashara asome mita ya maji na ya umeme siku ileile na saa ileile kila wiki, na agawanye kwa idadi ya wageni waliolala wiki hiyo. Hili la kugawanya ndo watu wengi wanaliruka, wanalinganisha bili ya mwezi na bili ya mwezi halafu wanafurahi imeshuka kumbe wageni ndo walikuwa wachache. Na kuna kapimo kadogo nakapenda sana, soma mita ya maji saa nane usiku watu wamelala, soma tena saa kumi alfajiri. Kama namba imetembea na hakuna aliyeamka na hakuna tenki linalojazwa, kuna sehemu inavuja, na sasa una ushahidi usiobishaniwa na mtu. Sehemu ambayo nakuomba uikazie: daftari la mita asipewe mwenye mali wala meneja, apewe mtu wa vyumba au wa kufulia, afundishwe kusoma, aandike jina lake juu ya daftari, na aongezewe kitu kwenye mshahara kwa hiyo kazi kwa sababu ni kazi. Nimeona mara kadhaa mtu akishashika daftari la mita anaanza kuongea kwenye vikao, maana sasa ana namba mkononi.

Umeme nitaupitia haraka. Taa wengi wameshabadilisha. Kinachokula ni kupasha maji na kupoza hewa. Maji ya moto, ziba joto lisipotee kwenye tenki na mabomba kwanza, ila usishushe joto la tenki chini ya nyuzi 60 kwa ajili ya kubana bili, maana maji ya uvuguvugu yanayokaa ndimo bakteria wa Legionella wanapozaliana na hao wanaleta nimonia mbaya. Viyoyozi, angalia kama gesi inavuja, sababu gesi ya R-410A inayotumika kwenye viyoyozi vingi ina nguvu ya kupasha dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo fundi anayekuja kujaza gesi kila msimu bila kutafuta tundu anakuharibia mfuko na anaharibu hewa kwa pamoja.

Sasa huyu bwana anayesema wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Usimpinge, ana haki, inawezekana kabisa anasema kweli. Ripoti ya dunia kuhusu wanawake kwenye utalii iliyotolewa mwaka 2019 na shirika la Umoja wa Mataifa la utalii ilikuta wanawake ni asilimia 54 ya wafanyakazi wa sekta hii, wakati kwenye uchumi kwa ujumla ni asilimia 39. Lakini ripoti hiyohiyo ilikuta wanalipwa pungufu ya wanaume kwa asilimia 14.7. Kwa hiyo kuwa wengi na kuwa sawa ni vitu viwili. Muombe mkae naye nusu saa, mchore jedwali la karatasi moja: kila mfanyakazi, kazi yake, mwanamke au mwanaume, analipwa kwa mwezi au kwa siku, ana mkataba wa maandishi au hana, mara ya mwisho kupelekwa mafunzo ni lini, na bakshishi anapata au hapati. Usimhubirie. Mwache asome mwenyewe alichokiandika kwa mkono wake. Mara nyingi jedwali linatoka hivi: juu kwenye mishahara ya mwezi na mafunzo ni wanaume, chini kwenye malipo ya siku ni wanawake, na mwenye biashara anakaa kimya anaiangalia ile karatasi maana hakuwahi kukaa akaipanga hivyo, ilijipanga yenyewe mwaka hadi mwaka.

Hapo kwenye bakshishi pasikupite. Dereva na muongoza wageni wanapewa mkononi na mgeni, mhudumu wa mezani naye anapata, lakini aliyefua shuka na aliyesugua choo mgeni hajawahi hata kumwona sura. Na ukiangalia nani yuko wapi, anayepewa mkononi mara nyingi ni mwanaume na asiyeonekana mara nyingi ni mwanamke, kwa hiyo pengo halisi ni kubwa kuliko lile lililoko kwenye karatasi za mishahara. Tafuta nao utaratibu wa sanduku la pamoja, wafanyakazi wenyewe wakae wakubaliane mgawanyo, waandike, na anayefungua sanduku wasiwe chini ya watu wawili. Usiwapangie wewe asilimia. Nimewahi kupanga mimi, nikaona ni haki tupu, baada ya wiki chache madereva wakaanza kupokea nje ya geti na sanduku likabaki na sarafu. Nilipowarudishia wakabishane wao kwa wao, ilichukua vikao vitatu vya kelele lakini wakatoka na kitu walichokiheshimu.

La usalama usiliache mwisho kwa sababu ni zito. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Kuna mambo mawili ndani yake wenye hoteli wengi hawayajui. La kwanza, unamlinda mtu anayefanya kazi bila kujali ana mkataba wa aina gani, hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo "huyu ni wa siku tu" haiwi sababu. La pili, unataka waangalie na watu wa nje wanaohusika, na kwenye hoteli huyo ni mgeni, na unagusa pia safari za kwenda na kurudi kazini pale inapowezekana, na malazi ambayo mwajiri kampa mfanyakazi. Hata kama nchi yako haijauridhia bado ni kipimo kizuri cha kufanyia kazi. Jiji la Chicago lilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba wafanyakazi wa hoteli wanaoingia peke yao vyumbani wapewe kifaa cha kubonyeza kuita msaada, na gesti ndogo haihitaji teknolojia hiyo ila inahitaji maana yake. Mlango ubaki wazi na toroli likae mlangoni mhudumu akiwa ndani. Akiona mgeni anafungua mlango hajavaa au anatoa maneno ya ajabu, ana ruhusa ya kuondoka palepale bila kumaliza chumba na bila kukatwa hela, na hiyo ruhusa itamkwe na mwenye mali mbele ya wote, sio iandikwe tu kwenye kabrasha. Na awepo mtu wa pili wa kuambiwa, kwa sababu mara nyingine anayesumbua ni msimamizi mwenyewe ambaye kwenye utaratibu ndo unatakiwa uripoti kwake. Waulize zamu ya usiku inaisha saa ngapi na wanafikaje nyumbani, swali dogo hilo ila majibu yake utayakumbuka.

Kuna na mwili. Utafiti uliofanywa kwenye hoteli 50 za Marekani na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta wahudumu wa vyumba ndo wanaoumia zaidi kuliko wafanyakazi wengine wa hoteli, na wanawake wanaumia zaidi ya wanaume. Godoro zito linanyanyuliwa kona nne mara kumi na kitu kwa siku, mtu amepiga magoti anasugua vigae. Brashi ya mpini mrefu, toroli lenye magurudumu yasiyokwama, kutandika wawili wawili magodoro makubwa, hivyo ni vitu vya bei ndogo na nakwambia vinaonekana kwenye usafi wa chumba, kwa sababu mtu mwenye mgongo unaouma hainami kuangalia chini ya kitanda.

Sasa nikufikishe mahali ambapo haya matatu yanagombana, maana watu huwa wanasema yanakwenda pamoja wakati wote na sio kweli. Utakuta hoteli inamwambia mgeni: ukikubali chumba chako kisisafishwe leo unaokoa maji na umeme, tutakupa pointi au vocha. Kwa juu inapendeza. Sasa shuka chini kwa mhudumu. Anayelipwa kwa siku au kwa chumba anaambiwa leo vyumba vichache, rudi nyumbani. Halafu mgeni anaondoka baada ya siku nne, chumba hakijaguswa, taka zimejaa, bafu limeshika uchafu mkavu, na kwenye ratiba kile chumba amepangiwa dakika zilezile za chumba kilichosafishwa jana. Anatumia dawa kali zaidi, anasugua zaidi, anachelewa, mgeni mpya anasubiri mapokezi. Kwa hiyo mazingira yametajwa, hela imeokolewa na mwenye hoteli, gharama amebeba mwanamke mmoja, na huduma imeshuka. Chama cha wafanyakazi wa hoteli huko Marekani kimelalamikia sana utaratibu wa namna hii, na kwa maoni yangu wana hoja. Kama biashara yako mojawapo inataka kufanya hivyo, masaa ya mhudumu yalindwe kwanza, chumba cha siku nyingi kipewe dakika zaidi, na taka zitolewe kila siku hata kama shuka halibadilishwi.

Hata hii ya taulo, ambayo kila mtu anaanza nayo, ina hadithi. Neno la Kiingereza greenwashing, yaani udanganyifu wa kujifanya unatunza mazingira, lilitoka kwenye kadi ya taulo: mwanamazingira Jay Westerveld mwaka 1986 aliandika kuhusu hoteli kuwaomba wageni watumie taulo tena kwa ajili ya kuokoa dunia wakati faida ni ya hoteli na mengine yote hayajaguswa. Mwaka 2008 watafiti Goldstein, Cialdini na Griskevicius wakachapisha utafiti, walijaribu kadi tofauti hotelini. Kadi ya kawaida ya kuomba tutunze mazingira iliitikiwa na wageni kama asilimia 35, kadi iliyosema wageni wengi wa hoteli hii wanatumia taulo tena ikapanda mpaka 44, na iliyosema wengi waliolala chumba hikihiki walifanya hivyo ikafika 49. Maneno tu yamebadilika. Ila hiyo kadi iseme kweli, usiandike wengi wanafanya kama hujahesabu. Kitu cha pili ambacho mimi nakikuta kila mahali: mgeni ametundika taulo kama alivyoombwa, anarudi jioni anakuta taulo jipya limekunjwa vizuri kitandani. Hapo imani imeisha, na sio kosa la mhudumu, msimamizi wake alimwambia kila chumba taulo jipya asije akalaumiwa. Yule aliyeandika kadi hakuwahi kukaa na anayebadilisha taulo. Waweke hao watu wawili meza moja dakika kumi, tatizo linaisha.

Kwenye ubora wa huduma watu wanakimbilia tabasamu na sare mpya. Vizuri, lakini watafiti Parasuraman, Zeithaml na Berry waliotengeneza kipimo cha ubora wa huduma kinachoitwa SERVQUAL mwaka 1988 waliona mambo matano ambayo mteja anapimia: kutimiza ulichoahidi, kujibu haraka, kumfanya mteja awe na imani na wewe, kumjali yeye kama yeye, na vitu vinavyoonekana kwa macho. Na lililokuwa linabeba uzito zaidi ya yote ni la kwanza, kutimiza ulichoahidi. Kwenye tafiti zao za baadaye vitu vya kuonekana ndo vilikuwa nyuma. Mimi nalipima hivi: chukua maoni 50 ya mwisho ya wageni wa biashara moja, yachape au yaandike kwa mkono, kaa na wafanyakazi wote akiwemo mpishi na mlinzi, kila lalamiko mliulize, je hapa tuliahidi nini? Utashangaa. Maji ya moto masaa 24 yameandikwa kwenye tangazo, kumbe yanakuwepo asubuhi na jioni. Chumba chenye mandhari, dirisha linaangalia ukuta. Kuchukuliwa saa mbili kamili, dereva kafika saa mbili na nusu. Nusu ya malalamiko unayamaliza kwa kurekebisha tangazo liseme ukweli, na hiyo haina gharama yoyote. Mgeni aliyeambiwa maji ya moto ni saa kumi na mbili mpaka saa tatu anapanga kuoga kwake na hana neno.

Kingine ni mamlaka. Mgeni analalamika kwa dada wa mapokezi, dada anasema ngoja nimuulize bosi, bosi hapokei simu, dakika arobaini zimepita. Waombe wenye biashara wataje kiwango ambacho mfanyakazi yeyote anaweza kutumia kutatua shida ya mgeni bila kuomba ruhusa, kubadilisha chumba, kusamehe kifungua kinywa, kuita usafiri, halafu aandike alichofanya. Wengine wataogopa kuibiwa. Waambie wajaribu mwezi mmoja na wahesabu. Na hapa tena jinsia inaingia bila kubisha hodi, maana ukiangalia nani anaaminiwa kutoa uamuzi na nani anaambiwa aulize kwanza, unarudi kwenye lile jedwali la karatasi moja.

Kwa zile kampuni za kutembeza wageni ni hayohayo, mahali pa chumba weka gari. Nani anapangwa safari ndefu zenye bakshishi nono na nani anabaki ofisini kujibu barua pepe. Ukiuliza kwa nini hakuna mwanamke anayeongoza wageni utaambiwa hawaombi, basi soma tangazo lao la kazi na uulize analala wapi muongoza wageni safari ikiwa ya siku nne. Kama jibu ni kwenye hema moja na dereva, umeshajua kwa nini hawaombi. Gari lililozimwa injini wakati wageni wanapiga picha ni mafuta yameokolewa, kelele imepungua, na mgeni anasikia maelezo, na dereva huyo anahitaji tu mtu amwambie kwamba inahesabika kama kazi nzuri.

Vyeti sasa, maana najua wanakusumbua. Waeleze hivi. Kuna vigezo vya GSTC, baraza la dunia la utalii endelevu, vilivyotoka mara ya kwanza mwaka 2008, na vina sehemu nne: uendeshaji, faida kwa jamii na uchumi, utamaduni, na mazingira. Baraza lenyewe halitoi cheti kwa hoteli, linaweka vigezo na kuwathibitisha wale wanaotoa vyeti, kwa hiyo mtu akija kuwauzia cheti waulize amethibitishwa na nani. Vigezo vinapatikana bure, vitumie kama orodha ya kujikagulia, maana usawa, mishahara na unyanyasaji vimo humohumo pamoja na maji na taka, hii inakusaidia kumwonyesha yule bwana kwamba jinsia sio kitu ulichokileta mfukoni. Cheti kije mwaka wa pili, wakiwa na daftari la mita la miezi kumi na mbili, mkaguzi akifika wanamfungulia daftari badala ya kuanza kutunga. Na wale wanaopokea wageni wa Ulaya wajue kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, inaanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, inakataza kumwambia mnunuzi wa huko "rafiki wa mazingira" kijumlajumla bila ushahidi, na inakataza nembo za kujitungia zisizotokana na mfumo wa uthibitisho. Mawakala wa huko wataanza kuwauliza ushahidi. Daftari la mita ni ushahidi. Bango lenye jani la kijani sio.

Kuhusu kutoacha mafaili, ninachofanya mimi ni kugawa hizo biashara mbili mbili tangu mwezi wa kwanza. Mhudumu wa vyumba wa gesti hii anakwenda kuzunguka siku nzima kwenye gesti ile, na wa kule anakuja huku, siku hiyo analipwa kama kawaida. Wanaona kwa wenzao wasichokiona kwao, na wewe ukiondoka bado wanajuana, wanapigiana simu, fundi mzuri wanaelekezana. Mafunzo yakiwepo yafanyike ndani ya masaa ya kazi, ukiyaweka jioni au Jumamosi wanaokosa ni wenye watoto, na unajua ni akina nani. Na hela ya kwanza itakayookolewa kwenye maji na umeme, zungumza na mwenye biashara mapema, kabla haijapatikana, sehemu yake irudi kwa wafanyakazi kwa namna wanayoiona, hata kama ni kununua lile toroli jipya na kuweka bomba la maji moto kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mkisubiri ipatikane kwanza, itakuwa imeshapata kazi nyingine.

Kwa biashara 12 huwezi kwenda kwa kasi sawa, usijilazimishe. Chagua tatu ambazo mwenyewe yupo na anasikiliza, zifanye kwa kina miezi miwili ya mwanzo, hizo nyingine zipe kazi ya mita na jedwali tu. Yule bwana mwenye wafanyakazi wengi wanawake usimuweke kwenye tatu za kwanza, ila mpeleke akatembelee mojawapo mwezi wa tatu akaongee na mwenzake mwenye biashara, atamsikia kuliko mimi na wewe.

Ukishapata usomaji wa mita wa wiki mbili za mwanzo na majedwali hata matatu, niandikie tena uniwekee namba zenyewe bila majina ya watu, tuangalie pamoja wapi pa kukaza.